KUNI ZA HALALI KWA BEI YA MNYONGE

Tangu mwezi wa Mei 2024 nchi yetu ina mpango wa miaka kumi wa kuhakikisha kwamba, ifikapo mwaka 2034, wananchi 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Mpango huo ni mwema nasi twauunga mkono. Moshi wa jikoni umewaharibu mama zetu macho na vifua kwa miaka mingi, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayeutetea. Lakini kati ya leo na mwaka huo kuna milo mingi ya kupikwa, na huko vijijini zaidi ya familia nane katika kila kumi zimekuwa zikipika kwa kuni. Swali tunalotaka kulizungumza ni dogo kwa kulitazama: mwananchi huyo azipate wapi kuni zake, kwa bei anayoiweza, bila ya kuvunja sheria?

Wakazi wa mjini hudhani kuwa kuni za shamba ni za bure. Zamani zilikuwa hivyo, watu walipokuwa wachache na kila mji umezungukwa na pori lake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilipowakusanya watu mahali pamoja ilileta shule na zahanati karibu, lakini kuni ilizipeleka mbali, kwa kuwa nyumba mia tano zilianza kuokota katika kichaka kilichokuwa kikitosha nyumba ishirini. Tangu hapo idadi ya watu imeongezeka mara kadhaa. Mama anayetoka alfajiri na panga na kamba, akarudi jua la utosi na tita moja kichwani, hawezi kuambiwa kuwa kuni hizo ni za bure. Amezilipia kwa nusu ya siku yake ya kulima.

Yuko na mwingine ambaye hali yake ni ngumu zaidi, naye ni mfanyakazi wa mshahara anayeishi shamba. Mwalimu aliyehamishiwa kijiji kisicho chake, mhudumu wa zahanati, mchuma chai wa Mufindi, mkata mkonge wa Tanga, hao hawana shamba la kupunguzia matawi wala mjomba mwenye miti. Hununua kila ukuni. Na kwa kuwa mshahara huja mara moja kwa mwezi na kuni huteketea kila siku, hununua tita dogo dogo mlangoni kwa mchuuzi wa baiskeli, nayo ndiyo bei ghali kupita zote.

Sasa tuitazame sheria, maana hapa ndipo wengi wanapotatanika. Ukuni mmoja ulioanguka wenyewe chini ya mti waweza kuwa na hukumu mbalimbali kwa kutegemea mahali ulipoangukia. Ukiangukia katika Hifadhi ya Taifa ya wanyama, usiuguse pasipo ruhusa. Ukiangukia katika msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu, wenyewe ni Wakala wa Huduma za Misitu ulioanzishwa mwaka 2010, na kuuchukua kwahitaji kibali chao. Ukiangukia katika shamba lako, ni wako wa kupikia. Lakini ukitaka kupakia gari la kuni ukauze mjini, enda kwanza ofisi ya misitu, kwa sababu kwenye kizuizi cha barabarani utaulizwa hati ya kusafirishia, na neno lako tupu kuwa miti uliipanda mwenyewe halitatosha. Ukiangukia katika ardhi ya kijiji, ndipo jambo lenyewe linapoanza kuwa na maana kwetu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliiweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, ilikwenda mbele zaidi ikasema kuwa kijiji chaweza kutenga sehemu ya ardhi yake iwe msitu wa hifadhi wa kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ukikubali, mpango wa kuutunza ukaandikwa, na sheria ndogo zikapitishwa na Halmashauri ya Wilaya, basi kijiji ndicho kinachotoa vibali, ndicho kinachopanga bei, na fedha huingia katika mfuko wa kijiji. Lakini kichaka ambacho kijiji hakikukitenga hubaki katika hali ya nusu kwa nusu. Mti ukikatwa humo kwa biashara, ushuru hulipwa kwa Serikali wala si kwa kijiji, na wanakijiji hubaki kuutazama ukiondoka.

Twasema wazi kwamba tofauti hii ndiyo kiini cha bei ya kuni. Penye msitu wa kijiji wenye taratibu, mama hujua siku ya kuokota, hujua anapotakiwa kulipa na asipotakiwa, na akilipa hupewa stakabadhi. Pasipo na taratibu, kila kuni ni za wasiwasi. Mchuuzi aliyeogopa njiani huiongeza hofu yake katika bei ya tita. Na kama ametoa chochote kisicho na stakabadhi ili apite, hicho nacho hukilipa mnunuzi, yaani yule mwalimu na yule mkata mkonge. Mwisho wake maskini hulipa ushuru mara mbili, na Hazina haipati hata senti.

Wako watakaosema kuwa kuwaruhusu watu kuokota kuni ni kuumaliza msitu. Wasemao hivyo wautazame msitu wenyewe kwanza. Anayeokota matawi makavu haui mti. Kinachoifyeka misitu yetu zaidi ni mashamba mapya, na nyuma yake yaja mkaa wa kwenda mijini. Katika tanuri la udongo la kienyeji hutumika kilo tano hata kumi za miti kupata kilo moja tu ya mkaa, kisha mkaa huo hupita usiku ndani ya malori. Si haki nguvu ya sheria iishie kwenye tita la bibi kizee huku lori limekwisha pita.

Hata wakoloni, ambao hatuna haja ya kuwasifu, walilitambua jambo hili. Mwaka 1941 serikali yao ilitenga ukanda wa nusu maili chini ya msitu wa Kilimanjaro ili Wachagga wapate humo kuni na miti ya kujengea, msitu wa juu ubaki salama. Ukanda huo wajulikana hadi leo kwa jina la Nusu Maili. Mwaka 2005 uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na tangu hapo kuni zake zimekuwa habari ya ruhusa ya watu wengine. Hatusemi kwamba mlima usilindwe. Maji ya watu wengi yatoka huko. Twasema tu kwamba mahali penye watu wengi kama vile, ukiwafungia mlango mmoja wa kuni lazima uwaonyeshe mwingine.

Mfano ulio bora zaidi uko Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikusudiwa kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, wenye eneo la hekta 9,000 hivi, kuwa hifadhi ya Serikali. Watu wakaona mali yao yaondoka, wakaanza kuikata kabla haijachukuliwa. Ndipo lilipotumika shauri jingine: vijiji vinane vinavyouzunguka vikaachiwa msitu viutunze vyenyewe. Wanakijiji wakakaa, wakayagawa matumizi mafungu matatu: yaliyo huru, yanayotaka kibali, na yaliyokatazwa kabisa. Wakachagua walinzi miongoni mwao, na msitu ukarudia hali yake. Haya yalitendeka miaka kadhaa kabla ya sheria ya mwaka 2002, nayo ilipokuja iliifuata njia iliyokwisha pitwa na wakulima hao.

Kule Shinyanga, mkoa ulioelekea kuwa jangwa, Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili nyasi zipatikane wakati wa kiangazi. Mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986, uitwao HASHI, uliifufua desturi hiyo badala ya kuleta miche ya kigeni peke yake. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Leo wenye ngitili hupata humo majani ya ng'ombe, dawa, nguzo na kuni, na nyingi za ngitili hizo ni mali ya familia, si ya kijiji wala ya Serikali.

Kupanda nako si jambo la kungojea maisha. Katika kituo cha utafiti cha Tumbi, Tabora, ilionekana kuwa aina ya mgunga iliyotoka Australia, ikipandwa pamoja na mahindi kwa misimu miwili au mitatu ya kwanza, huvunwa kuni baada ya miaka mitano. Habari hiyo yawahusu sana wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, ambao mabani yao ya kukaushia tumbaku ya mvuke hula miti ya miombo kuliko jiko lolote. Makampuni yanayoinunua tumbaku hiyo yapaswa kuhesabu kuni katika gharama ya zao; mpaka sasa sehemu kubwa ya hesabu hiyo imelipwa na pori.

Kuna na kuni ambazo hazihitaji msitu wala kibali, nazo hudharauliwa bure: makumbi na vifuu vya nazi huko pwani, miti ya mbaazi baada ya kuvuna, matawi ya mibuni na mikorosho iliyopogolewa, mabanzi ya viwanda vya mbao vya Mufindi. Tena kuni zilizopasuliwa na kuanikwa mpaka zikauke barabara hupika chakula kingi kuliko kuni mbichi za uzito ule ule, maana mbichi hutumia moto wake kuyachemsha maji yake yenyewe. Atakayenunua kuni mbichi kwa kuwa ni rahisi ameuziwa maji.

Kwa wenye mashamba makubwa tuna neno moja. Mashamba ya chai hupanda mikaratusi kwa ajili ya matanuri ya viwanda vyao, na hapana ubaya katika hilo. Lakini mfanyakazi anayeichuma chai hiyo apimiwe naye fungu lake la matawi na mabaki ya mikaratusi, kwa haki iliyoandikwa katika mkataba wa kazi, isiwe hisani ya msimamizi. Vyama vya wafanyakazi vikizungumza habari ya mishahara na nyumba visione haya kuzungumza habari ya kuni. Ni sehemu ya mshahara iteketeayo kila jioni.

Na kwa vijiji: Mkutano Mkuu wa Kijiji hutakiwa kukutana kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao wanachama waliomo waulize kama kijiji kimetenga msitu wake au la, na kama kimetenga, bei ya tita ni kiasi gani na imebandikwa wapi. Waulize pia kama mwalimu na mhudumu wa zahanati, ambao si wazaliwa wa pale, wamo katika orodha ya wanaoruhusiwa kuokota. Pengi hawamo, kwa sababu hakuna aliyepata kuwataja.