Nimeiokota Mahali

Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu "alifariki" Jumanne saa mbili usiku. Kufikia saa tatu kasoro, rambirambi zilikuwa zimefika shilingi 185,000. Saa tatu na robo mmoja wetu akakumbuka kumpigia mkewe ampe pole. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema mzee yupo mezani anakula ugali na dagaa, na kama kuna wanaokuja msibani waje na viti vyao, maana hapo kwake viko vinne.

Aliyeileta taarifa kwenye grupu akaulizwa kaipata wapi. Akajibu: "Nimeiokota mahali." Basi, yakaisha. Hakuna aliyemwuliza mahali gani. Mweka hazina akakesha akirudisha fedha za watu, na makato ya kurudishia ni mzigo wa nani hatujakubaliana hadi leo. Kulipokucha, mtu yuleyule akatuma dawa ya kisukari: majani ya mpera, vikombe vitatu kwa siku, achana na vidonge vya hospitali.

Tumechoka na huku kuokota.

Ukiokota andazi barabarani humpi mwanao. Ukiokota pochi, kama una haya, unaipeleka kwa mjumbe. Habari ndiyo kitu pekee tunachokiokota na kukigawa palepale kwa watu 200 bila hata kupuliza vumbi. Tena tunaigawa kwa pupa, kana kwamba kuna zawadi kwa wa kwanza kutangaza kifo cha jirani.

Visingizio vyenyewe tunavijua kwa moyo. "Kama nilivyoipokea." "Sina uhakika, ila tuwe makini." "Mwenye taarifa kamili atujuze." Hiki cha mwisho ndicho kinachoudhi kuliko vyote. Mwenye taarifa kamili unamjua. Ni mke wa mwalimu, na namba yake unayo, kwa sababu mwaka jana alikuazima masufuria ya shughuli. Mpigie. Dakika za kifurushi zinakuishia muda kila wiki bila kutumika.

Simu ya dakika moja, basi. Dawa ni hiyo na kila mtu anaijua, ndiyo maana hakuna anayetaka kuisikia. Warsha za matumizi sahihi ya mitandao tumehudhuria, tumekula wali, tumesaini posho, tumerudi nyumbani kuokota.

Hatusemi upige simu kwa kila kitu. Kichekesho kitume, pishi la biriani litume, hata video ya mbuzi anayepanda bodaboda itume. Lakini habari yenye jina la mtu ndani yake, au ugonjwa, au fedha, haitoki kwenye simu yako kabla hujamwuliza anayehusika. Na kama hakuna wa kumwuliza, basi si yako. Iache ipite kama basi la safari isiyo yako.

WhatsApp yenyewe imejaribu kutushika mkono. Ile mishale miwili inayokaa juu ya ujumbe si urembo. Maana yake ujumbe umetumwa na kutumwa tena mara tano au zaidi kabla ya kukufikia, na huyo aliyekuletea hamjui aliyeuandika, kama wewe usivyomjua. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuutuma sehemu zaidi ya moja kwa mpigo. Kampuni ikasema baada ya hapo usambaaji wake ulipungua kwa asilimia 70 duniani. Asilimia 70, kwa kumfanya mtu abonyeze mara kadhaa badala ya mara moja! Maana yake uvumi mwingi hauna hata watu wanaouamini. Una watu wenye vidole vyepesi.

Vikomo hivyo havikuja kwa hiari. Vilikazwa India kwanza, Julai 2018. Siku ya kwanza ya mwezi huo, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, watu watano wa jamii ya kuhamahama waliofika kuomba sadaka walipigwa na umati hadi kufa, wakidhaniwa wezi wa watoto. Uvumi wa wezi hao ulikuwa ukizunguka kwenye simu. Marehemu hawakuwa wameiba mtoto wa mtu yeyote. Sisi tunaojua kelele ya "mwizi!" inavyokusanya watu na mawe sokoni hatuhitaji kuchorewa picha.

Na picha nazo. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Msamvu, Morogoro. Waliokufa walipita 100. Video na picha za miili iliyoungua zikazunguka siku ileile, wakati watu walikuwa bado wanawatafuta ndugu zao. Fikiria kumtambua kaka yako kwa mkanda wa suruali, kwenye simu ya abiria mwenzako ndani ya daladala. Kwetu maiti husitiriwa. Hata aliyegongwa barabarani tusiyemjua, mama mmoja atavua kanga yake amfunike. Sasa yule anayeifunua kanga apate picha nzuri tunamwachia nafasi asogee karibu, halafu jioni tunaipokea hiyo picha na kuandika "Mungu awapumzishe" kabla ya kuipeleka mbele.

Wakubwa wasijifiche nyuma ya mgongo wetu, maana nao wana lao. Uvumi huota palipo kimya. Rais John Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27, 2021. Kwa siku 18 nchi iliishi kwa kunong'ona. Tukaambiwa yupo anachapa kazi, na polisi wakakamata watu kwa kueneza kwamba anaumwa. Machi 17 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akatangaza msiba. Baada ya hapo ofisi inamwambiaje mwananchi asubiri taarifa rasmi? Aliwahi kusubiri.

Dawa yao haina tofauti na yetu. Jambo likitokea saa nne, msemaji atoke saa tano aseme: tumelisikia, hatujapata yote, saa kumi tutawaambia. Na saa kumi aseme kweli, hata kama ni kusema bado. Watu wakizoea kwamba saa kumi ni saa kumi, muuza uvumi atakosa wateja. Badala yake tunapewa barua yenye mhuri siku ya tatu, inayoanza na "kumekuwepo na taarifa zinazosambaa", na haisemi taarifa hizo ni zipi wala ukweli ni upi.

Adhabu tunazo za kutosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamtisha msambaza uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Imekuwapo miaka yote hii na mwalimu wetu amezushiwa kifo vilevile. Kuzima nako tumekuona: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini. Kilichozimika ni njia ya mtu kuhakikisha kama ndugu yake yu salama. Uvumi wenyewe ulitembea kwa miguu.

Wenye mitandao? Julai 2022, Kenya ikielekea kwenye uchaguzi, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipima Facebook kwa kuipelekea matangazo ya chuki, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Ya Kiswahili yakapita. Ya Kiingereza yakakwama kwanza, na sababu mojawapo ilikuwa sarufi! Yaliporekebishwa yakapita nayo. Matangazo yaliondolewa kabla hayajaonekana, kwa kuwa lilikuwa jaribio, lakini mwenye kungoja mlinzi kutoka California sasa anajua mlinzi huyo anakagua nini.

Wala mitandao si adui, tusije tukaeleweka vibaya. Juni 2024 vijana wa Kenya walikaa na Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwenye TikTok na X kwa lugha ambayo muuza mkate angeielewa, mpaka tozo ambazo zingepita kimyakimya zikajulikana sokoni. Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na waandamanaji kuuawa, Rais William Ruto akasema hatausaini. Simu zilikuwa hizihizi tunazozushiana vifo. Wenzetu walisoma kabla ya kutuma.

Sasa turudi kwenye grupu letu, maana la Nairobi na la California hatuliwezi. Grupu lina msimamizi, yule tunayemwita admini. Siku za harusi tunamsikia sana, orodha ya michango anaisogeza chini kila baada ya saa mbili na majina ya wasiotoa anayajua kichwani. Siku ya kifo cha uongo alikuwa wapi? Mtu anayeweza kukufuata miezi mitatu kwa ajili ya ahadi ya 20,000 hashindwi kuuliza, "Umempigia nani?" Aulize hilo tu, mbele ya watu wote, kila mara. Mara ya tatu watu wataanza kupiga kabla ya kuulizwa.

Na anayekosea asahihishe palepale alipokosea. Uliyetangaza kifo kwa herufi kubwa na mishumaa sita, andika kwa herufi zilezile kwamba mwalimu yu hai na wewe hukuuliza. "Ujumbe huu ulifutwa" si kuomba radhi. Ulipoufuta kwako ulikuwa umeshafika magrupu manne mengine, na huko hakuna aliyefuta kitu. Wafuate huko pia. Ni aibu, ndiyo, lakini ndogo kuliko ya mke wa mwalimu kuamkia watu getini na mchele.

Halafu tuweke tarehe, jamani. Wiki hii limeturudia tangazo la mtoto aliyepotea: sare ya bluu, ndala nyekundu, "ametoweka leo asubuhi, tafadhali sambaza kadiri uwezavyo". Leo ipi? Picha tulikuwa na hakika tumeshaiona. Basi tukafanya hicho tunachokihubiri hapa, tukapiga namba iliyo chini.

Akapokea mama, kwa sauti ya mtu aliyelijua swali kabla halijaulizwa. Alisema mtoto alipatikana jioni ileile, alikuwa kwa shangazi yake. Ilikuwa 2022. Sasa yuko darasa la tano na wenzake wanamtania kwa hilo tangazo. Yeye bado anapigiwa simu, nyingine saa saba za usiku, na wako wanaomwambia wamemwona mtoto, atume nauli wamlete. Namba hawezi kubadili kwa sababu ndiyo wateja wake wa vitenge wanayolipia.

Akatuomba tumwandikie kwenye magrupu yetu kwamba mtoto yupo nyumbani. Tumeandika, na tarehe tumeweka. Watu kumi na wawili wamejibu kwa dole gumba, mmoja kwa mikono ya kusali. Wa mwisho ameandika: "Poleni sana wazazi. Ngoja nilisambaze na huku kwetu Tanga, huenda akaonekana."