Chombo kiseme na sisi wenye shamba

Wakulima wenzetu, mtu akifika Kiringye na kutuambia analeta kifaa kidogo cha kupima udongo, tusimkatalie mbiombio. Lakini tumuulize kwanza: kitasema na nani?

Juu ya shamba tunaona majani. Chini, kwenye mizizi, hatuko na jicho. Mtu anaona nyanya zimelegea saa sita mchana, anakimbilia mfereji, anafungua maji. Kumbe chini kungali na majimaji, na yale anayoongeza yanashusha mbolea mahali mizizi haifiki. Mbolea tuliyonunua kwa deni! Na yule wa mwisho wa mfereji anakesha na tochi akingojea zamu yake.

Kule Iringa, Tanzania, katika skimu za Kiwere na Magozi, mradi ulioanza 2013 uliwaletea wakulima kifaa kiitwacho Chameleon, yaani kinyonga, kazi ya watafiti wa CSIRO ya Australia. Vipimo vinazikwa kwa vina mbalimbali, nyaya zinatokea juu. Huko chini hakuna betri hata moja. Mkulima anakuja na mashine ndogo ya kusomea, anaunganisha, taa zinawaka: buluu, udongo una maji, kijani, yanatosha, nyekundu, pamekauka. Asiyejua kusoma anaelewa. Huko Kiwere wakulima walipunguza kumwagilia. Mashine moja inaweza kuzunguka mashamba mengi, na hiyo ndiyo inatufaa sisi ambao hata simu tunaipeleka kucharjiwa kwa malipo.

Tunasema hivi kwa sababu tumeona vya namna nyingine. Mlingoti ulisimikwa shambani, ukituma namba kwa ofisi ya mbali. Sisi tuliambiwa tu tusiuguse. Mawe yake yalipoisha, ukabaki wa kuanikia nguo.

Kwa mpunga, umeme hauhitajiki kabisa. Bomba lenye matundu linasimikwa katika udongo, unachungulia ndani; maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, unayarudisha. Ila wakati wa maua shamba lisikauke.

Taa ya buluu haiongezi maji katika mfereji, tunajua. Lakini ikiwaka mbele ya majirani wawili wanaogombania zamu, mmoja ataona aibu kufungua. Kwa hiyo mashine ikija, ikae kwa kamati ya maji, si nyumbani kwa prezida, na shamba la kwanza kupimwa kiangazi hiki liwe la mwisho wa mfereji.