Mlevi wa Jana na Siri za Dola

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Swali ninalotaka kulizua hapa ni la upande wa pili wa methali hiyo: je, asiyeyaficha hupata nini? Lilinijia nilipokuwa nikisoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotolewa mwezi Februari 1988, katika kesi baina ya Wizara ya Jeshi la Majini na Thomas Egan.

Egan hakuwa jasusi wala mwanasayansi. Alikuwa kiongozi wa vibarua tu, aliyeajiriwa mwaka 1981 katika kituo cha kukarabati nyambizi za Trident huko Bremerton, jimbo la Washington. Hata hivyo, kazi hiyo ilihitaji kibali cha usalama, na mwaka 1983 alinyimwa kibali hicho, kisha akafutwa kazi. Ilitajwa rekodi yake ya uhalifu. Ikatajwa kwamba kuna hatia mbili ambazo hakuziandika kwenye fomu. Halafu yakatajwa maneno yake mwenyewe: kwamba aliwahi kutatizwa na pombe, na kwamba siku 28 za mwisho za kifungo chake alizimalizia katika mpango wa kuwatibu walevi. Alijitetea kuwa kwa miaka mitatu pombe haikuwa imemsumbua. Haikufaa kitu. Kwa kura 5 dhidi ya 3, Mahakama iliamua kwamba bodi ya rufani za watumishi wa umma haina uwezo wa kupima kiini cha uamuzi kama huo, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kudai kibali.

Simtetei Egan kwa kila jambo. Kinachonikera ni kuona tiba ikiorodheshwa sambamba na makosa.

Waama, mambo yamebadilika kiasi. Miongozo inayotumika tangu Juni 2017 ni 13, na wa pombe umepewa herufi G. Haukutaja idadi ya miaka ambayo mtu akiitimiza husamehewa. Unauliza iwapo muda wa kutosha umepita, iwapo mhusika amekiri tatizo lake, iwapo ametibiwa, na iwapo mwenendo wake tangu hapo unathibitisha mabadiliko. Aidha, wachunguzi huagizwa kumtazama mtu kwa ukamilifu wake, na kuzingatia kama alijieleza kwa hiari na kwa ukweli. Sisi wanafunzi wa fasihi twaijua kanuni hii: ni kumsoma mtu kama mhusika duara, si mhusika bapa.

Lakini miongozo hiyo hiyo husema kuwa penye shaka yoyote, dola ndiyo ipewe nafasi. Basi shaka hukosekana lini kwa mtu aliyewahi kuwa mlevi? Hata akiacha miaka kumi, atakuwapo wa kunong'ona kwamba huenda akarudia.

Nitaambiwa kuwa mlevi hana siri. Kweli, na ndiyo maana mtu anayelewa leo anyimwe kibali bila mjadala. Ila aliyeacha ni mwingine. Anayeweza kutishwa na adui ni yule anayeogopa ulevi wake wa zamani usijulikane. Aliyekwisha kuuandika kwa mkono wake hana cha kutishiwa. Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba kukiri na kutibiwa, pasipo tukio jipya, visitoshe kamwe kuwa sababu ya kumnyima mtu kibali. Mwenye shaka alete tukio, si hofu.

Jambo hili halipo mbali nasi kama linavyodhaniwa. Wapo Wakenya waliochukua uraia wa Marekani, na anayetaka kuitafsiria serikali ya huko nyaraka za siri hana budi kupitia mlango huu. Fomu iliyozoeleka, SF-86, huuliza iwapo katika miaka 7 iliyopita pombe imemharibia mtu kazi, fedha au uhusiano wake na wenzake. Nafasi ya kujibia ni ndogo, na anayeijaza hujua kwamba atakayeisoma hajapata kumwona.