Gari Inachemka? Lipa Fundi Apime Kwanza

Wasee, gari yako haichemki kwa sababu imezeeka. Inachemka kwa sababu kuna kitu fulani kimeharibika, na kitu hicho kinaweza kupimwa kabla hujatoa hata shilingi moja ya spea.

Lakini tunajua vile inaendaga mtaani. Geji ikipanda, unaambiwa nunua thamostati. Wiki ijayo ni pampu ya maji. Halafu rejeta. Doo imeisha na geji bado inapanda. Huo si ufundi. Ni kubahatisha na pesa zako.

Swali la kwanza lingefaa kuwa: inachemka lini?

Kama inachemka kwa jam, lakini ukipata Thika Road ikiwa wazi inapoa, shuku feni. Gari ikienda mbio, upepo hufanya kazi ya feni. Kama feni ni ya umeme, paki, acha injini iwake, uone kama itaanza kuzunguka joto likipanda. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei na waya kabla ya kulaumu rejeta.

Kama kwa jam iko sawa lakini inachemka ukipanda mlima, shuku rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri.

Na kama maji yanaisha bila kuvuja popote, moshi mweupe mzito unatoka hata injini ikishapata joto, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, zima gari. Hapo huenda gasketi ya hedi imeenda, na kila kilomita unayoongeza inaongeza bili.

Kuna kitu kingine kidogo tunakisahau: kifuniko cha rejeta. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwa kama nyuzi 94. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha, na kifuniko ndicho kinashikilia hiyo presha. Mpira wake ukichoka, maji yanachemka mapema. Ni spea ya bei ya chini, lakini umewahi kuona yako ikipimwa? (Na usiifungue injini ikiwa moto. Utaungua vibaya.)

Ushauri mwingine ninaoupinga kabisa ni huu: "Toa thamostati, Kenya ni nchi ya joto." Thamostati inasaidia injini kufika kwa joto lake la kazi na kukaa hapo. Ukiitoa, asubuhi ya Julai injini itachelewa kupata joto na itakunywa mafuta zaidi, na ile shida halisi bado iko. Kuipima ni rahisi: itie kwa sufuria ya maji, uchemshe. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Ikikataa kufunguka, sasa nunua.

Lakini msiwalaumu mafundi peke yao. Fundi akisema anataka pesa ya kupima, sisi ndio wa kwanza kuteta: "Kwani kuangalia pia ni pesa?" Tunalipa spea, tunalipa mikono, lakini kichwa hatutaki kulipa. Sasa tulitarajia nini? Mtu anayelipwa kwa kubadilisha atabadilisha tu.

Najua kuna mwenye atasema gari ya miaka 20 inaweza kuwa na shida tatu kwa mpigo. Kweli kabisa. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kupima, ujue ni ipi ya leo na ipi inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Kwa dereva wa teksi ambaye bado analipa mkopo wa gari, hiyo tofauti ni kodi ya nyumba.

Kwa hivyo mpe fundi muda, mlipe huo muda, na umwambie akuonyeshe shida kwa macho yako. Akikuonyesha, nunua spea. Akikataa kupima, mshukuru, halafu utafute fundi mwingine.