Kiingereza ni Jembe, Si Joho

Mwaka 1967 Serikali yetu iliamua kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe pia lugha ya sheria na mahakama. Hata hivyo hatuna budi kusema kweli. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulipotiwa saini mwaka 1999, ulitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na mikataba mingi na wageni huandikwa kwa lugha hiyo. Mtumishi wa umma asiyeielewa huweza kutia saini jambo asilolijua, na hasara ikawa ya taifa zima.

Leo elimu hii haihitaji nauli. BBC, iliyoanza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, hutoa masomo bure katika intaneti. Kinachotakiwa ni nidhamu: dakika 20 kila siku za kusikiliza na kusoma, kisha kuandika barua moja ya kikazi na kumpa mwenzio aisahihishe.

Lakini masomo bure bado yanahitaji kifurushi. Wakuu wa idara na shule watenge muda na mtandao wa ofisi, la sivyo watanufaika wenye mishahara minono peke yao.

Na atakayehitimu asirudi na kasumba. Mwananchi afikaye dirishani ana haki ya kujibiwa kwa Kiswahili. Jembe hutumika shambani; halivaliwi mabegani.