Upepo wa tairi hupimwa, haujazwi

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani Pap Onditi, mpwa wangu alipoletwa na wenzake akichechemea, goti limechunika na baiskeli imebebwa begani. Vijana wa huko walikuwa wameandaa mashindano yao wenyewe ya baiskeli za milimani: kukata mashamba, kuvuka kijito kilichokauka, kupanda mawe ya upande wa Nyabondo kisha kuteremka hadi sokoni. Alikuwa akiongoza. Katika kona ya kwanza ya changarawe baada ya mteremko, tairi la mbele likateleza na kumbwaga. Nilipolibonyeza tairi hilo kwa kidole gumba halikubonyea hata chembe. Nikamwuliza ni nani aliyelitia upepo wote ule. "Mjomba," akanijibu, "lenyewe limeandikwa 65."

Kweli limeandikwa. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu hiyo, na mbele yake neno la Kiingereza linaloonyesha kikomo. Kijana anayepata alama za kuridhisha katika mtihani wa Kiingereza alikisoma kikomo kama amri. Mtu angeweza kumcheka, lakini mimi ninayekula mkate wangu kwa kuchunguza maneno sikuweza, kwa maana niliona kwamba kosa hilo hakulianzisha yeye. Alilirithi kutoka katika lugha yetu.

Hebu msomaji atafakari jinsi tunavyolizungumzia tairi. Tunasema tairi "limejaa" au "halina upepo". Dholuo nayo huuita upepo huo yamo, neno lile lile la upepo uvumao kutoka ziwani. Katika lugha zote mbili tairi ni kama mtungi: likijaa ni zima, likipungua lina kasoro. Katika usemi huo hamna nafasi ya kuuliza "kiasi gani?" Neno la kuulizia swali hilo tunalo, ila limetawanyika. Katika darasa la fizikia linafundishwa kwa Kiingereza. Katika kamusi ni shinikizo, nalo gazetini hutumika zaidi kwa wanasiasa kuliko kwa hewa. Mitaani ni presha, ambayo kwa wengi wetu ni maradhi ya wazee. Mwanafunzi aweza kuyajua yote matatu na asitambue hata siku moja kwamba yanahusu kitu alichokikalia.

Tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote aweza kuiandika ubaoni. Kijana wa kilo 58 juu ya baiskeli ya kilo 12 ni kilo 70, yaani ratili 154 hivi. Ikiwa shinikizo la tairi ni ratili 65 kwa kila inchi ya mraba, matairi yote mawili kwa pamoja yatagusa ardhi kwa eneo lisilofika inchi mbili na nusu za mraba. Ikiwa ni ratili 30, eneo hilo litakaribia inchi tano. Haya ni makadirio, kwa kuwa tairi lenyewe nalo lina ugumu wake. Lakini yanatosha kueleza goti lililochunika. Mpwa wangu aliingia katika kona ile akishikilia ardhi kwa nusu ya kile alichokuwa na haki nacho.

Atasema mtu kwamba tairi gumu hukimbia. Kwenye lami laini, ndiyo, kwa kiasi fulani. Kwenye mawe, la hasha. Tairi gumu likigonga jiwe halilimezi. Huruka, na kila linaporuka humwinua mpanda baiskeli pamoja na chombo chake, na nguvu za kuinua zinatoka katika miguu ile ile inayotakiwa kusukuma mbele. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyetengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast na kulisajili mwaka 1888, alianza na baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu, iliyokuwa ikimtikisa kwa raba ngumu. Upepo uliwekwa mle ili ubonyee. Ndiyo maana waendeshaji wa mbio hizi, ambazo zimo katika Olimpiki tangu Atlanta mwaka 1996, wamekuwa wakihamia matairi mapana zaidi yenye upepo mdogo zaidi. Wengi wao leo hutumia gurudumu la inchi 29 lenye tairi la upana wa inchi 2.2 hadi 2.4, lisilo na tyubu, ambalo ndani limetiwa majimaji ya utomvu yanayoziba tundu dogo palepale.

Sisi wa mitumba ya Kibuye tuna inchi 26 na tyubu, na hapo tahadhari inahitajika. Upepo ukipungua mno, jiwe huibana tyubu dhidi ya rimu na kuikata pande mbili. Kwa uzito wa mpwa wangu, ningeanza na ratili 28 mbele na 31 nyuma, kisha nipunguze au niongeze moja moja baada ya kuijaribu njia. Kipimo cha mkono cha kupimia upepo si ghali kama tairi jipya.

Ama kuhusu meno ya tairi, mwalimu wetu mkuu ni udongo. Ule mweusi wa tambarare za Kano na Nyakach ya chini una tabia mbili. Wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama sakafu. Meno mafupi yaliyokaribiana hupita juu yake kwa wepesi. Mvua ikinyesha, udongo huo huo hung'ang'ania, hujaza nafasi kati ya meno, na tairi lenye meno mengi hugeuka kipara cha matope. Hapo hutakiwa meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke, na tairi lisiwe pana mno likakwama katika uma. Juu Nyabondo ni mawe na changarawe, na mwenye kutegemewa ni jino la pembeni, linaloshika baiskeli inapolala kwenye kona. Hivyo wajuzi wengi huweka mbele tairi lenye meno makali zaidi, na nyuma lile jepesi. Gurudumu la nyuma likiteleza, mtu huweza kujiokoa. La mbele likiteleza, huanguka.

Niliyaeleza haya kwa fundi mmoja mzee chini ya mti, nikidhani namfundisha. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba zamani, alipokuwa akibeba abiria kwa baiskeli, alipunguza upepo kila alipoacha lami kuingia njia ya changarawe, na kuuongeza aliporudi. Alipima kwa kidole gumba. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mpwa wangu. "Hakuniuliza," akasema. "Yeye amesoma."

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko lile goti. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umeuweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari pevu. Walimu wenzangu, lileteni tairi darasani. Mwalimu wa fizikia afundishe eneo na shinikizo, wa jiografia udongo, wa Kiswahili ayaunganishe maneno hayo matatu yaliyotengana; na yule mzee aalikwe, apewe kiti mbele. Wala asiniambie mtu kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa ng'ambo. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akishindana kwenye barabara za changarawe za Vermont, Marekani, alikuwa Mkenya, na wenzake wa Team Amani wangali wakishindana.

Mashindano mengine ya vijana wetu ni Desemba, mvua za vuli zitakapokuwa zimelainisha kila kitu. Mpwa wangu sasa hushinda kwa yule fundi kila Jumamosi. Tairi la mbele wamekwisha kukubaliana. Kuhusu la nyuma, nasikia bado wanabishana.