Na Wale Ambao Hawakupona?

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2011. Barabara ya vumbi ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa magari kilomita kwa kilomita. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, tuliyemzoea kwa jina la Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Ilisemekana kinatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, hata Ukimwi. Watu walitoka kila pembe ya Tanzania, wengine wakavuka mpaka kutoka Kenya. Wakubwa kwa wadogo walikunywa.

Siwacheki waliokwenda. Ukiwa na mama anayeugua kisukari mwaka wa kumi sasa, ukasikia kuna mahali watu wanapona, utakaa nyumbani? Upendo ndio uliowapandisha wengi kwenye yale magari. Na shilingi 500, nani angeshindwa kuilipa? Nauli ndiyo iliyouma.

Lakini tuulizane kwa utulivu, maana miaka imepita na Babu mwenyewe alifariki Julai 2021. Tulijuaje kwamba dawa inaponya?

Tulijua kwa ushuhuda. Fulani kanywa, kaamka. Dada yake fulani alikuwa hoi, sasa analima. Simdhanii uongo mtu aliyesema hivyo. Huenda siku ile alijisikia vizuri kweli. Shida ni kwamba aliyepata nafuu hupewa kipaza sauti, na asiyepata hurudi kwao kimyakimya. Aliyefariki hatoi ushuhuda wowote. Ziliripotiwa habari za wagonjwa walioacha dawa za Ukimwi (ARV) wakiamini wamepona, wakarudishwa hospitali hali zao zikiwa mbaya. Hao hatukuwasikia kwenye foleni.

Ndiyo maana naomba tuzoee swali moja nyumbani kwetu. Mtu akisema dawa hii inaponya, tumuulize kwa upole: na wale ambao hawakupona, ni wangapi?

Kuna jambo jingine ambalo kila mama mlezi analijua, ila hatulitilii maanani. Magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe. Mafua huisha. Mgongo huuma wiki hii, wiki ijayo ukatulia. Nasi hukimbilia dawa lini? Siku maumivu yamefika kileleni. Ukinywa chochote siku hiyo, hata maji ya mtungini, kesho yake una nafasi nzuri ya kupata nafuu, na sifa zote zitakwenda kwa ulichokunywa.

Watafiti wanaijua hila hii, maana iliwahi kuwasumbua wao wenyewe. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza kwa shangwe dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron, iliyotoka katika taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI. Wagonjwa wa kwanza walionekana kupata nguvu. Matumaini yalikuwa makubwa, nami naelewa kwa nini, maana wakati ule tulikuwa tunazika kila wiki. Baadaye, huko Uganda, wagonjwa zaidi ya 500 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa yenyewe, jingine likapewa kitu kilichofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua kapewa kipi, wala daktari wake hakujua. Mwishowe makundi yote mawili yalikuwa sawa. Dawa haikusaidia.

Habari chungu, lakini ilitufaa. Bila jaribio lile, fedha na nguvu zingeendelea kumwagwa kwenye Kemron.

Sasa tazama upande wa pili. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Kwetu Tanzania ilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Kenya ilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Huenda mtoto wa jirani yako alikuwamo. Baadhi ya watoto walipata chanjo hiyo, wengine wakapata chanjo ya ugonjwa mwingine, kisha wote wakafuatiliwa kwa miaka.

Watafiti walitangaza nini? Kwamba kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kumaliza dozi 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi. Thelathini na sita tu! Muuza dawa wa kwenye basi angeona aibu kuitaja namba hiyo. Yake huponya asilimia mia, na jino pia. Zaidi ya hapo, watafiti walieleza wazi kwamba homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na hawakujua sababu. Basi kuanzia mwaka 2019 chanjo ikatolewa kwa uangalizi nchini Malawi, Ghana na Kenya, watoto wengi wakafuatiliwa, na ongezeko lile halikuonekana tena. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Mimi humwamini zaidi anayenitajia hesabu ya walioumwa licha ya dawa yake.

Kuuliza hivi si kuidharau miti shamba. Dawa ya mseto tunayopewa kwa malaria ina asili ya mmea uliotumika China tangu zamani. Mama Tu Youyou aliusoma katika maandishi ya kale, akaupima kwa subira, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mugariga nao unastahili heshima ya kupimwa hivyohivyo. Wataalamu walipoambiwa waangalie kama dawa ya Babu ni salama kunywewa, lile lilikuwa swali moja. Kama unaponya kisukari ni swali jingine, na tuliyachanganya.

Tufanye nini, basi? Kazi kubwa iko kwenye kundi la familia la WhatsApp. Baba mkubwa anatuma ujumbe kwamba majani fulani yanayeyusha mawe ya figo ndani ya siku tatu. Usimwaibishe mbele ya wajukuu. Mpigie simu. "Shikamoo baba mkubwa, nimeona ujumbe wako. Nani aliwapima hao watu? Walikuwa wangapi? Waliokunywa maji tu walikuwaje?" Mara nyingi atasema, "Hata mimi nimetumiwa tu, mwanangu." Hapo mmeshaelewana, na ujumbe utaishia hapo.

Wewe mwenye duka la dawa, mteja akikuuliza, mwambie unalolijua na usilolijua. Wewe mtangazaji wa redio yetu, ukimleta studio mtu mwenye tiba ya kila kitu, mwalike na muuguzi akae naye. Mwalimu, waache wanafunzi wahesabu: darasani ni wangapi waliopona mafua bila dawa yoyote? Nanyi wachungaji na masheikh, neno lenu lina uzito kuliko la daktari. Ombeeni wagonjwa, kisha waambieni waendelee na vidonge vyao.

Na kama nyumbani kwako yupo aliyeacha dawa za presha, za kisukari au ARV kwa sababu ya chupa aliyouziwa au ujumbe aliotumiwa, msindikize kliniki wiki hii. Msigombane njiani.